Saa Kumi na Moja

Usiku wa kwanza nilimwambia mama kwamba kazi itachukua saa kumi na moja. Akaitikia, akafunga mlango wa uani, akaenda kulala. Alipoamka alfajiri kuswali akanikuta sebuleni nimejifunika khanga, naikodolea macho kompyuta.

“Si ulisema inaisha saa kumi na moja? Hii inaingia kumi na mbili.”

Ilibidi nimweleze kwamba sikumaanisha saa kumi na moja ya alfajiri. Nilimaanisha muda wa saa kumi na moja, na kwa kuwa nilianza saa nne usiku, hesabu inafika saa tatu asubuhi. Mama akanitazama vile anavyomtazama fundi anayeomba hela ya saruji kwa mara ya pili. Tangu siku hiyo nikaanza kusema “masaa”, ingawa mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha pili alikuwa akituchapa kwa neno hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa kukompaili LibreOffice. Kwa asiyejua: programu huandikwa na binadamu kwa maandishi yanayosomeka, yaani msimbo, kisha programu nyingine, kompaila, huyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Msimbo wa zoezi la darasani hugeuzwa kabla hujapepesa jicho. LibreOffice ina mamilioni ya mistari na historia ndefu kuliko umri wangu. Ilianza kama StarWriter, kazi ya kijana wa Kijerumani, Marco Börries, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1985. Sun Microsystems ya Marekani ikainunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo kwa umma kwa jina la OpenOffice. Mwaka 2010 wengi waliokuwa wakiutunza wakajitenga, wakauita LibreOffice. Hadi leo folda yenye msimbo wa sehemu ya kuandikia inaitwa sw, kifupi cha StarWriter. Sw pia ndicho kifupi cha kimataifa cha lugha ya Kiswahili. Nilipoiona mara ya kwanza nilihisi kama kuna mtu ameniwekea kiti.

Mashine yangu niliinunua Kariakoo ikiwa imetumika. Ina viini viwili na kumbukumbu ya gigabaiti nane, na betri yake ilikuwa inahimili dakika kumi na mbili, ikiwa na roho nzuri. Kwa mashine ya namna hiyo unaandika amri moja, unabonyeza, halafu mafaili yanaanza kupita kwenye skrini moja baada ya jingine, maelfu kwa maelfu. Huna la kufanya isipokuwa kuomba kusitokee kitu.

Lakini tunaishi Chanika, na Chanika hutokea vitu.

*

Aliyenitia kwenye shughuli hii ni mama mwenyewe, ingawa hakukusudia.

Mama ni katibu wa kikoba cha mtaani kwetu. Kila Jumamosi wanakutana kwa jirani, wanahesabu hisa, wanagawa mikopo, wanagombana kidogo, na yeye anaandika muhtasari kwenye daftari. Nilipoanza shahada ya uzamili akaniomba nimfundishe kuuandika kwenye kompyuta, ili auchapishe na usibishaniwe tena. Anaandika kwa vidole viwili, taratibu, akitamka kila neno. Jumamosi moja alimaliza ukurasa mzima akaniita. Ukurasa ulikuwa umejaa mistari myekundu kama mtu aliyekwaruzwa na paka.

“Hii mashine inasema mimi sijui Kiswahili?”

Mama amezaliwa Kisarawe. Hajawahi kuwa na lugha nyingine ya kuota ndoto. Nikainama kusoma. “Watakaochelewa” lilikuwa limepigiwa mstari, nalo ni neno sahihi kabisa. “Tulivyokubaliana” nalo hivyo hivyo. Na katikati yao alikuwa ameandika “nitakuretea”, ambalo kweli ni kosa, na mstari wake ulikuwa mwekundu uleule, mrefu uleule, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

“Sawa,” alisema nilipomwonyesha hilo la tatu. “Sasa kosa liko wapi humo ndani?”

Swali hilo ndilo lililokuwa pendekezo langu la utafiti. Nililipamba kwa kurasa ishirini na mbili na majina ya wataalamu, lakini ndani mlikuwa na swali la mama tu.

Ugumu wake unaanzia mbali. Kikagua tahajia kilichomo ndani ya LibreOffice kinaitwa Hunspell. Kilitengenezwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha inayopenda kupanga viambishi vyake mwishoni mwa neno. Hunspell inajua kuvua viambishi viwili vya nyuma, kimoja baada ya kingine, na inavifanya vizuri. Sisi mzigo wetu uko mbele. Chukua “hawatakuambia”: kuna ha, kuna wa, kuna ta, kuna ku, ndipo unakutana na kitenzi chenyewe. Ni kama mgeni aliyevaa makoti manne, na bawabu amefundishwa kuvua viatu.

Kupanua kamusi ili “watakaochelewa” lisionekane kosa ni jambo linalowezekana bila kukompaili chochote, maana kamusi ni faili la maandishi tu. Unaliongezea maneno na kanuni, unafunga, unafungua, basi. Lakini kumwonyesha mama kwamba kosa liko kwenye “re” na si kwenye neno zima, hapo lazima uingie ndani ya sw, kwenye orodha ambayo Writer hutunza kila neno lililokosewa linaanzia wapi na lina urefu gani. Na ukitaka kulifanya kwa heshima, kwa namna ambayo lugha nyingine nazo zingefaidi, inabidi ushuke chini zaidi, kwenye mafaili yanayotegemewa na karibu kila sehemu ya programu. Ukigusa mstari mmoja huko, mashine inarudia karibu kila kitu. Saa kumi na moja. Masaa.

*

Nimekulia kwenye nyumba inayojengwa, kwa hiyo sikudhani kusubiri kungenishinda. Huku kwetu watu hununua kiwanja kwanza, halafu maisha. Kutoka Gongo la Mboto unapita Pugu, daladala inapanda na kushuka vilima, na kadiri unavyokaribia Chanika ndivyo unavyoona maboma: kuta bila paa, paa bila madirisha, nondo zimechomoza juu zikingoja ghorofa litakalojengwa na wajukuu. Utotoni kazi yangu ilikuwa kumwagilia tofali, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Tofali la saruji lisipopewa maji na siku zake linapasuka ukilibeba. Lakini kule kusubiri kulikuwa na mwisho unaojulikana. Fundi alisema wiki, ikawa wiki.

Mwishoni mwa 2023 hakuna aliyekuwa anajua urefu wa kitu chochote. Ulikuwa msimu wa mgao. Umeme ulikuwa ukiondoka asubuhi na kurudi usiku, au kinyume chake, na mtaani tulikuwa na ratiba tatu tofauti kwenye simu zetu, zote za uongo. Mama ana friza. Anauza barafu za ubuyu, juisi ya ukwaju na samaki wa kugandisha. Kwa hiyo umeme ulipokatika tulikuwa tunaguna wawili kwa sababu mbili, yeye jikoni na mimi sebuleni.

Yeye alikuwa na utaratibu. Friza halifunguliwi, hata aje mteja wa barafu kumi. Linafunikwa blanketi la zamani. Zikipita saa nane, samaki wanatoka wote kwa mpigo, wanakaangwa, wanauzwa kwa bei ya kukaangwa. Barafu zinaachwa ziyeyuke, maana maji ya ubuyu yanaweza kugandishwa tena kesho. Nilikuwa nikimtazama na kuona wivu. Alijua kipi kikiharibika kinavuta kingine, na kipi kinaweza kusubiri.

Nikajitengenezea utaratibu wangu. Niliweka ccache, programu iliyoanzishwa na Mwaustralia Andrew Tridgell, ambayo hutunza matokeo ya kila faili lililokwisha kukompailiwa na kuyarudisha papo hapo faili hilo likija tena bila kubadilika. Nilizima kila sehemu nisiyoihitaji. Nilijifunza kuiambia mashine ishughulikie sw peke yake, si jengo zima. Nilianza kazi kubwa saa nne usiku, jirani wakishazima televisheni, kwa imani tu kwamba umeme ungekuwa na nguvu zaidi. Na siku za shida nilihamia kwa kinyozi.

Kinyozi wa karibu na stendi ana jenereta dogo la petroli. Aliniruhusu nikae kwenye benchi la wateja, nichomeke kwenye eksitensheni yake katikati ya chaja za simu za watu, kwa elfu mbili kwa siku. Baada ya wiki akaacha kunitoza. Wateja walikuwa wanapenda kutazama mafaili yakipita kwenye skrini kuliko kutazama mpira wa marudio. “Dada, unadukua benki?” aliniuliza mzee mmoja akiwa na povu kidevuni. Nikamwambia ninakompaili. Akafikiri. “Na unalipwa kwa kusubiri?”

Mwaka 2007 Randall Munroe alichora kibonzo ambacho kila mwanafunzi wa kompyuta hutumiwa na mwenzake angalau mara moja. Wafanyakazi wawili wanacheza kupigana mapanga juu ya viti vya magurudumu, bosi anawafokea, wao wanajitetea kwamba msimbo unakompailiwa, bosi anawaacha waendelee. Nilikipenda nikiwa mwaka wa kwanza. Kwenye benchi la kinyozi nilikiona kwa jicho jingine. Wale wawili wanalipwa, umeme ni wa kampuni, na hakuna samaki anayeyeyuka mahali.

Nilipochoka sana nilikuwa nawawaza watu wa Kilinux. Mwaka 2004, katika idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi huo uliofanywa kwa ushirikiano na Wasweden ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice inayozungumza Kiswahili. Mimi nilikuwa sijaanza shule. OpenOffice ya wakati ule ilisifika kwa kula usiku mzima wa kompyuta, na kompyuta za wakati ule zilikuwa vile zilivyokuwa. Sijui walisubirije. Nilikuwa najiambia tu kwamba walisubiri.

*

Jambo ambalo sikuliona mapema ni hili: kabla kusubiri hakujakula muda wangu, kulianza kula maswali yangu.

Hakuna siku niliyokaa nikaamua kuwa mwoga. Ilianza kidogo. Ninafungua faili, naona mahali panapotaka kubadilishwa, halafu akili inakwenda moja kwa moja kwenye hesabu: faili hili linarejewa na mangapi? Kama ni mia moja, naliacha. Natafuta njia ya kuzunguka. Naongeza kiraka pembeni, mahali ambapo kugusa kunagharimu dakika tisa badala ya arobaini. Baada ya miezi miwili msimbo wangu wote ulikuwa pembezoni, kama sisi wenyewe, na kila sehemu yake ilikuwa pale ilipo kwa sababu pale palikuwa rahisi kusubiri. Wazo jipya likinijia usiku nilikuwa siulizi kama ni zuri. Nauliza bei.

Hata hivyo nilibakiwa na tawi moja la msimbo ambalo sikuwa nimelihonga. Nililiita “vipande”. Humo nilikuwa nimejaribu swali la mama: Writer ikipata neno lililokosewa, kichambuzi changu kidogo kilivue viambishi, kitafute kipande chenye kosa, kisha kirekebishe mwanzo na urefu wa mstari mwekundu ili uangukie hapo tu. Haikuwa kazi ya kistaarabu. Niliipachika kibabe ndani ya sw, nikijua kwamba ikikubali nitarudi kuijenga vizuri kuanzia chini.

Jumatatu moja ya Novemba nilianza kujenga kila kitu upya. Jumanne saa tatu asubuhi ikaisha, salama, bila umeme kuguswa. Nilikaribia kulia. Jumanne usiku umeme ukakatika kabla sijafunga mashine, betri ikamaliza dakika zake kumi na mbili, ikazima. Jumatano jioni umeme uliporudi nikawasha, nikaandika yale mabadiliko ya “vipande”, nikatoa amri ya kujenga, nikajiandaa kwa dakika arobaini.

Ilimaliza kwa dakika mbili.

Nilishukuru Mungu. Nasema kweli, nilipiga goti. Nikadhani ccache hatimaye imenihurumia. Nikafungua Writer, nikaandika “nitakuretea”, na mstari mwekundu ukatokea chini ya neno zima, kutoka n hadi a.

Nikabadilisha. Nikajenga, dakika mbili. Neno zima. Nikafuta kichambuzi nikaweka namba za mkono, anzia herufi ya saba, urefu mbili, jambo ambalo haliwezi kushindwa. Neno zima. Alhamisi usiku niliendelea hadi adhana. Kila nilichoandika ndani ya msimbo kilikuwa kama kumwambia mtu aliyelala. Ijumaa nikahitimisha kwamba Writer inachora ule mstari kwa kufuata kitu kingine kilicho chini kabisa, huko kwenye saa kumi na moja, na kwamba bila kushuka huko hakuna kitu. Nikapiga hesabu ya mizunguko ambayo ningehitaji, nikaizidisha kwa mgao, nikaiweka pembeni ya tarehe ya kuwasilisha.

Nikamwandikia msimamizi wangu kwamba nabadili swali. Nitapanua kamusi, nitapima ni maneno mangapi sahihi yanaacha kupigiwa mstari. Alinijibu siku hiyohiyo: uamuzi wa kiutu uzima, swali linalomalizika ni bora kuliko swali zuri. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa ushahidi niliompa.

Mama hakuuliza sana. “Kwa hiyo haitaonyesha kosa liko wapi?”

“Haitaonyesha. Ila haitakuonea tena.”

“Si haba,” alisema, akaendelea kufunga barafu.

*

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa, na taratibu mgao ukaisha. Mama aliongeza aina ya pili ya juisi. Mimi nilikuwa kwenye kamusi, kazi ya maandishi, bila kusubiri. Iliendelea vizuri. Sina neno baya juu yake, nimeweka humo maneno mengi ya kikoba.

Juni nilikuwa naandika sura ya pili, ile ambayo hakuna anayeisoma. Nilihitaji aya moja kuhusu zana za kujengea programu, nikaanza kusoma habari za make, ile amri ndogo inayosimamia ujenzi wote wa LibreOffice na wa nusu ya programu za dunia. Niliitumia kila siku na sikuwahi kujiuliza ilitoka wapi. Aliitengeneza Stuart Feldman mwaka 1976 kwenye maabara za Bell, Marekani. Baadaye, mwaka 2003, ilimpatia tuzo ya ACM. Na amesimulia mwenyewe kilichomsukuma. Mwenzake, Steve Johnson, aliingia ofisini kwake akiilaani bahati yake, kwa sababu alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa. Alikuwa amekwisha kulirekebisha. Ila faili lile hakuwa amelikompaili upya, na programu aliyokuwa akiijaribu ilikuwa bado ni ile ya zamani.

Ndipo Feldman akatengeneza kitu kinachokukumbukia. Na kinakumbuka kwa njia rahisi mno: kinaangalia saa. Faili la msimbo likiwa jipya kuliko matokeo yake, linakompailiwa. Likiwa la zamani kuliko matokeo yake, linaachwa.

Nilisoma hapo mara mbili. Halafu nikahisi baridi mgongoni, Chanika, mchana, chini ya bati.

Kompyuta ina saa ndani yake inayotembea hata ikiwa imezimwa, kwa nguvu ya kibetri cha duara kama kitufe. Changu kilikufa kabla sijainunua. Mashine ikiwa na intaneti saa inajirekebisha yenyewe. Isipokuwa na intaneti, mfumo unashika saa ya mwisho uliyohakikishiwa. Novemba ile bando langu lilikuwa limeisha Jumapili usiku.

Usiku wa mgao nilikuwa nikiyaelekeza maandishi yote ya ujenzi kwenye faili, ili skrini isinimalizie macho. Faili la Jumatano ile bado lilikuwepo. Lilikuwa fupi. Na karibu na mwanzo wake, wazi kabisa, make ilikuwa imeniandikia kwamba kuna faili ambalo tarehe yake iko mbele ya sasa kwa takriban sekunde laki moja na thelathini elfu, na mwishoni ikaongeza kwamba saa haziendani na huenda ujenzi haujakamilika. Ni kama siku moja na nusu. Kutoka Jumapili usiku hadi Jumanne saa tatu asubuhi.

Kwa mashine yangu, Jumatano ile ilikuwa Jumapili. Kila nilichoandika usiku ule kilipigwa muhuri wa Jumapili, na matokeo yaliyokuwepo yalikuwa na muhuri wa Jumanne. Make ikatazama, ikaona kazi yote imekwisha kufanywa kesho kutwa yake, ikaniachia. Ccache, ambayo hailinganishi tarehe bali huchungulia yaliyomo ndani ya faili, ingeweza kuniokoa, lakini haikuulizwa. Kwa usiku mbili nilikuwa naijaribu programu ambayo haikuwa na neno langu hata moja. Wala haikuwa imenikatalia. Haikuwa imesikia.

Ningeweza kulaumu kibetri, au mgao, au bando. Nimejaribu vyote vitatu. Lakini kuna zile dakika mbili. Mtu aliyezoea kusubiri dakika arobaini anapopewa mbili anapaswa kuuliza kulikoni, na mimi nilipiga goti. Nilikuwa nimeutamani wepesi kiasi kwamba sikuukagua.

*

Msimamizi nilimweleza yote. Alicheka kwanza, kicheko cha huruma, halafu akasema zimebaki wiki tano, sura nne ziko mezani kwake, na jambo hilo litakaa vizuri kwenye mapendekezo ya utafiti zaidi. Nikakubali. Nikaondoka ofisini kwake, nikapanda daladala mbili, nikasimama kutoka Gongo la Mboto hadi nyumbani kwa sababu ya ujenzi wa barabara ya mwendokasi na umati wake, na njia nzima nilikuwa najua nitafanya nini.

Nilinunua bando. Nilisoma saa ya kompyuta kwa sauti nikilinganisha na ya simu, kama mtu anayehakiki hati ya kiwanja. Nikalifungua tawi la “vipande” kama nilivyoliacha, likiwa na kichambuzi chake na ubabe wake. Kwa kuwa msimbo ulikuwa umekaa miezi saba bila kuguswa, nilifuta matokeo yote ya zamani na kuanza mwanzo. Saa nne usiku. Nikamwambia mama itakwisha kesho saa tatu asubuhi, na safari hii sikutaja idadi yoyote.

Sikukaa kuitazama. Nililala, kitu ambacho sikuwahi kukifanya ujenzi ukiendelea. Niliamka mara moja, saa tisa, nikasikia feni ya mashine ikilia sebuleni na friza likinguruma jikoni, nikalala tena.

Asubuhi mama alivuta stuli akakaa karibu yangu na kikombe chake. Ilikuwa imekwisha, bila onyo lolote. Nilisoma faili zima la ujenzi kuhakikisha, mstari kwa mstari pale mwishoni. Nikafungua muhtasari wa kikoba wa Oktoba, nikatafuta lile neno, na Writer ikafikiri kidogo kama inavyofikiria siku zote.

Mstari mwekundu ulikuwa mfupi. Umekaa chini ya herufi mbili, na kushoto na kulia kwake neno lilikuwa safi. Ila herufi zenyewe zilikuwa e na t. Nilikuwa nimeanza kuhesabu kutoka moja mahali pa kuanza kutoka sifuri.

Mama aliweka kikombe chini, akasogeza uso hadi pua ikakaribia skrini.

“Si hapo,” alisema. “Rudi nyuma moja.”

Nilikuwa nimekwisha kufungua faili. Nikabadilisha namba, nikatoa amri, nikatazama saa kwenye kona ya skrini.

“Itachukua muda gani?”

“Dakika tisa.”

Akanyanyuka kwenda kuwasha jiko la chai.